Kuhesabu Samaki ni Kuhesabu Nyavu

(Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo napenda tuitazame kauli hiyo kwa kuangalia mali isiyoonekana kwa macho, yaani samaki wa Ziwa Victoria. Ng'ombe huhesabiwa zizini na mikahawa huhesabiwa shambani. Samaki je? Yeye hujulikana hasa kwa kile kinachomnasa, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Wavu wa makila ni shahidi, lakini ni shahidi mwenye upendeleo. Samaki mdogo hupenya katika tundu. Mkubwa mno hushindwa kuingiza kichwa akaenda zake. Anaswaye ni yule ambaye kimo chake kinalingana na tundu. Kwa hiyo atakaye kujua hali ya samaki hana budi kwanza kujua hali ya zana.

Historia ya ziwa letu inalithibitisha jambo hilo. Nyavu za kitani ziliingia ziwani mwaka 1905. Haikupita miaka mingi, katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa Winam, ngege akaanza kupungua katika kila wavu. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alilichunguza ziwa, na katika taarifa yake ya mwaka 1929 akashauri kwamba tundu la wavu lisipungue inchi 5. Ushauri huo ukafanywa sheria. Lakini katika miaka ya 1950 zilikuja nyavu za nailoni, zisizooza upesi na zenye kunasa zaidi. Na katika miaka hiyo hiyo sheria ya matundu ikaanza kufutwa. Ngege alikwisha kuadimika kabla sangara hajatapakaa ziwani katika miaka ya 1980. Basi tusimtwike sangara mzigo wote. Elimu ilikuwapo, iliandikwa, kisha ikapuuzwa.

Ndugu zangu, kosa hilo laweza kurudiwa na karani mwaminifu kabisa. Tuchukue mfano wa hesabu. Mwalo una mitumbwi 10, na kila mmoja huleta kilo 100 kwa usiku. Jumla ni kilo 1,000. Mwaka wa pili mitumbwi ni 20, na kila mmoja huleta kilo 60. Jumla ni kilo 1,200. Ofisini itaandikwa kwamba uvuvi umestawi. Mvuvi, ambaye amepungukiwa kilo 40 kila usiku, anajua vinginevyo. Na hata kuhesabu mitumbwi hakutoshi, kwa maana mtumbwi uliofungwa mashine hufika mbali na kubeba nyavu nyingi kuliko ule wa kasia.

Siku hizi zipo njia bora zaidi. Tangu mwaka 1999 ziwa limekuwa likipimwa kwa vyombo vya mwangwi: sauti hutumwa majini, nayo ikigonga mfuko wa hewa ulio mwilini mwa samaki hurudi chomboni. Walakini mwangwi peke yake hautaji jina la samaki. Nyavu hutumika kuhakikisha ni jamii gani. Tena, tangu mwaka 2000 Tanzania, Uganda na Kenya zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi, kuhesabu wavuvi, vyombo na zana. Ni jambo la lazima, kwani samaki hawaujui mpaka.

Lakini sensa na mwangwi havichukui nafasi ya daftari la kila siku pale mwaloni. Mtumishi aandikaye kilo bila kuandika idadi ya nyavu, ukubwa wa matundu na saa za kuvua, ameandika nusu ya habari. Mwalimu wa kando ya ziwa aweza kuwapa wanafunzi hesabu hizo badala ya mifano ya kubuni. Naye mvuvi asionekane kuwa mtuhumiwa tu wa kokoro na timba. Takwimu zitokazo kwenye jasho lake zirudishwe kwake, azisome, azijadili. Ndipo ataiona sheria ya matundu kuwa ni ngao ya mtumbwi wake.

Tusingoje mwalo uwe mtupu ndipo tufungue daftari.