Kukataa bunduki siyo woga



Kila mara tunaposema mapambano yetu ni bila jeuri, kuna mutu anauliza: «Wanatuua, na nyinyi munaleta mabango? Hiyo siyo woga?» Ni swali la haki. Kuna vijana wa rika letu waliacha masomo, wakaingia msituni na bunduki, juu walichoka kuzika. Hatuwezi kuwajibu na maneno matamu tu.

Leo tuangalie watu ambao wanaulizwa swali hilo kwa zaidi ya miaka 350: Wakweka, wenyewe wanajiita Marafiki. Siyo watu wa mbali. Wako na kanisa na hospitali kule Abeka, teritware ya Fizi.

Marafiki walitokea Uingereza, inchi iliyokuwa imetoka katika vita ya raiya kwa raiya. Wengine kati yao walikuwa maaskari zamani. Mwanzo wa 1661, kikundi kingine cha dini kilishika silaha mjini London. Serikali ikaogopa, ikatupa maelfu ya Marafiki gerezani. Hapo ndipo walimwandikia mufalme Charles II kwamba hawatapigana na silaha kwa sababu yoyote ile, hata kwa jina la Mungu. Lakini angalieni vizuri: hawakusema watakaa kimya. Sheria ilikataza mikutano yao, wao wakaendelea kukutana, wakafungwa tena na tena. Mutu mwoga hafanyi vile.

Basi woga uko wapi? Mara nyingi uko nyuma ya bunduki. Unasikia kwamba watu wa kule wanajipanga, na wewe unajipanga. Wale wa kule wanakuona, wanasema: «Tulijua.» Ujumbe moja wa WhatsApp, bila jina la aliyeandika, unatosha kuamsha kartie nzima. Wanaotaka vita hawatuambii kwanza «ueni». Wanatuambia kwanza «ogopeni».

Na dini peke yake haitoshi. Kibimba, kule Burundi, ni misheni ya zamani ya Marafiki. Tarehe 21 Oktoba 1993, siku rais Ndadaye aliuawa, makumi ya wanafunzi Watutsi wa shule ya pale walichomwa moto. Kisha vita ikaua watu wa pande zote, miaka na miaka.

Ni kwenye majeraha ya namna hiyo Marafiki wa Rwanda na Burundi walianzisha kazi moja, toka 2003. Wanaita watu kama 20, nusu upande huu, nusu upande ule. Kule Rwanda walikaa pamoja walionusurika na waliotoka gerezani. Ni siku tatu. Ya kwanza wanaongea juu ya majeraha ya roho. Ya pili, kilio na hasira. Ya tatu, kuaminiana: wanachora miti miwili, mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, wanaandika mizizi na matunda ya kila moja. Kisha unafungwa kitambaa machoni, mutu wa upande mwingine anakushika mukono na kukuongoza. Kazi hiyo ilifika pia huku Kivu ya Kaskazini. Hainyang'anyi mutu bunduki. Lakini yule uliyekuwa unaogopa, sasa unajua jina lake, na unajua naye alizika nani.

Mutu atasema: «Kukaa pamoja hakunirudishii shamba langu.» Ni kweli kabisa, na Marafiki wanajua hiyo. Mwaka wa 1681, Rafiki mumoja, William Penn, alianzisha Pennsylvania kule Marekani. Alipatana na Walenape, wenyeji wa pale, akanunua ardhi kwao. Kwa miaka karibu 70 koloni ile iliishi karibu bila jeshi. Lakini mwaka wa 1737 watoto wa Penn walitoa karatasi ya zamani: eti ardhi yao inafika pale mutu anaweza kufika kwa miguu, siku moja na nusu. Walenape waliwaza mwendo wa kawaida. Wale wakalipa wakimbiaji na kuwafyekea njia. Walenape wakapoteza ardhi kubwa sana. Mwaka wa 1755 vita ikaingia.

Amani ile haikuuawa na kukosa jeshi. Iliuawa na karatasi ya uongo juu ya ardhi. Sisi wa Kivu, karatasi za namna ile tunazijua.

Kwa hiyo, kamarade, tufanye mambo matatu. Moja: usitume ujumbe wa chuki juu ya kabila lolote, hata kama umetoka kwa mutu wako. Mbili: kila seksyo itafute vijana wa upande tunaoambiwa tuogope, ikae nao, bila picha za Facebook. Tatu: tuandike ukweli wote, nani alinyang'anywa shamba, nani aliuawa, wa kwetu na wasio wa kwetu, na tuidai serikali haki kwa wote. Mapatano yanayosainiwa hotelini bila kugusa haki na ardhi ni mapumuziko tu kabla ya vita ingine.

Tutaogopa, ndiyo. Anayesimama mbele ya masasi na mikono mitupu anaogopa pia. Ila amekataa woga wake ushike bunduki.