Ulezi wa Ndama wa Kununuliwa

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na mtafsiri wa serikali mbele ya wafugaji wa Nyeri)



Nimeombwa niseme nanyi habari za kulea ndama wa kununuliwa, yaani ndama aliyetengwa na mama yake na kuletwa katika boma la mtu mwingine angali ananyonya. Mimi si Bwana Mifugo. Kazi yangu ni kuchukua maandishi ya serikali na kuyaweka katika Kiswahili, ili kila mtu apate kuyasoma. Lakini mimi pia ni mfugaji mdogo, na niliwahi kupata hasara ambayo chanzo chake kilikuwa kalamu yangu mwenyewe. Habari hiyo nitaieleza mahali pake.

Ninyi mnajua jinsi ng'ombe wa maziwa walivyoenea katika milima yetu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitolewa katika siku ngumu za Hali ya Hatari, wakati watu wengi walipokuwa wamekusanywa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki, na wengine walipoteza mashamba yao. Hata hivyo baada ya mpango huo wakulima wengi Waafrika waliingia katika kazi ya kahawa, chai na ng'ombe wa maziwa. Tangu wakati ule mashamba yamegawanywa baina ya wana na wajukuu, na leo mtu wa Othaya, Mukurweini au Mathira mara nyingi ana ng'ombe mmoja au wawili tu, nao hulishwa majani bandani. Akitaka kuongeza ng'ombe, na mtamba mwenye mimba bei yake imemshinda, hutafuta ndama. Humnunua kwa jirani asiyetaka kumpa ndama maziwa yanayoweza kuuzwa, au huenda upande wa Kieni, Naro Moru na Nanyuki, kwenye mashamba makubwa zaidi. Fedha anazotoa siku hiyo ni kidogo, naye hurudi nyumbani akifurahi.

Furaha hiyo mara nyingi haidumu juma moja. Kwa nini?

MAZIWA YA DANG'A NA SAA SITA

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa amekwisha kupata sehemu ya kinga ya maradhi kutoka katika damu ya mama yake. Ndama sivyo. Yeye huzaliwa karibu bila kinga yo yote, na kinga yake yote imewekwa katika maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano tunayoyaita maziwa ya dang'a. Tena matumbo yake huweza kuipitisha kinga hiyo hata damuni kwa muda mfupi tu. Muda wa saa 6 za kwanza ndio ulio bora. Kisha mlango huo huanza kufungwa, na zikitimia saa 24 umekwisha fungwa. Ndama wa Friesian mwenye uzito wa kilo 40 yafaa apate lita 3 hadi 4 katika muda huo wa kwanza. Ndama mdogo kama wa Jersey hupewa kwa kadiri ya mwili wake.

Sasa sikilizeni hasara yangu. Zamani kidogo nilipewa karatasi ya maagizo niitafsiri. Ilisema kwamba ndama apewe maziwa ya dang'a katika muda wa saa sita tangu kuzaliwa. Mimi, kwa kutaka maneno machache, niliandika hivi: "Mpe ndama dang'a kabla ya saa sita." Karatasi ikapigwa chapa, ikagawanywa.

Mwaka uliofuata nilinunua ndama jike kwa mama mmoja mzee, jirani mwema. Ndama alikuwa na siku tano, mzuri wa kutazamwa, mwenye baka jeupe usoni. Siku ya tatu bandani kwangu alianza kuharisha, na siku ya sita akafa. Nilikwenda kwa mama yule, si kwa kudai fedha, ila kumwuliza kama ndama alinyonya alipozaliwa. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, alizaliwa jioni, jua likitua. Usiku sikumkamua mama yake. Nilimpa asubuhi, saa tano na nusu. Karatasi yenu ilisema kabla ya saa sita."

Nilikaa kimya. Kwa Mswahili saa sita ni adhuhuri, na mama yule aliyasoma maneno yangu kama yalivyoandikwa. Alikuwa ametii agizo langu, na kwa kulitii alimpa ndama maziwa yake baada ya muda wa karibu saa kumi na saba. Tangu siku ile sijaandika tena "kabla ya saa sita" katika habari ya ndama. Nanyi nawaambia waziwazi: usitazame saa, wala usingoje kupambazuka. Mara ndama akisimama, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha, washa taa umkamue mama yake.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa hiyo neno la kwanza la mnunuzi lisiwe "Bei gani?" Liwe "Alizaliwa lini, na alipewa maziwa ya dang'a baada ya muda gani?" Njia iliyo bora ni kuagiza ndama kabla hajazaliwa. Nenda kwa jirani ambaye ng'ombe wake ana mimba, patana naye, umwongeze fedha kidogo ili ndama apewe maziwa hayo yote yanayompasa, na akae kwake siku kumi hivi kabla hujamchukua. Fedha hizo za ziada ndizo utakazozifurahia kuliko zote.

Ukiwa hukupata nafasi ya kuagiza, mtazame ndama vizuri. Asimame mwenyewe bila kuinuliwa. Macho yang'ae, masikio yasilegee, mkia na mapaja yawe makavu. Shika kitovu: kiwe kikavu, kisiwe kimevimba wala kunuka. Shika magoti: yasiwe na joto wala uvimbe. Mtie kidole kinywani: anyonye kwa nguvu. Tazama ndani ya masikio kama kuna kupe. Tena, ukiuziwa ndama jike kwa ajili ya maziwa, uliza kama alizaliwa pacha na dume. Majike wa namna hiyo karibu tisa katika kumi huwa tasa, nawe utamlisha miaka miwili ukingoja mimba isiyokuja.

Usisahau kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa Bwana Mifugo. Wala usimfunge ndama ndani ya gunia juu ya pikipiki. Mpakie garini penye majani makavu, umkinge na upepo, na akifika mwache apumzike kwanza. Mtenge na ndama wengine kwa muda wa majuma mawili au zaidi, usije ukaingiza ugonjwa bomani.

NG'OMBE MLEZI

Sasa amefika nyumbani. Atanyonya nini? Njia ni mbili, nayo ya kwanza ni kumpa mama wa kambo.

Jambo hili si geni kwetu Waafrika. Wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki, ndama akifa, walimwonyesha ng'ombe ngozi ya ndama wake ili akubali kuteremsha maziwa. Walijua kwamba ng'ombe hufuata pua yake kuliko macho yake. Nawe ufanye vivyo hivyo: wapake ndama wa kigeni na ndama wake mwenyewe harufu moja, au wafunike kwa gunia lililolaliwa na ndama wake. Mfunge ng'ombe penye chakula kizuri, uwaachie ndama wote kwa pamoja, nawe usimame karibu na fimbo, si ya kupiga, bali ya kuzuia teke. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Wengine hukubali siku ya pili. Wengine hukataa kabisa, na hao haifai kuwalazimisha.

Chagua ng'ombe mpole, aliyezaa karibuni, hata kama ni mzee au mgumu kukamuliwa, lakini mwenye kiwele kizima. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele atawapa ndama ugonjwa wake. Na kabla ya kumfanya mlezi, Bwana Mifugo na ampime damu kwa ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe wa lita 12 kwa siku aweza kulea ndama wawili vizuri, au watatu wakiwa wadogo. Wawe wa umri mmoja na kimo kimoja, maana mkubwa humsukuma mdogo, nawe huoni upungufu hata mbavu zianze kuonekana. Kila siku tazama matumbo ya ndama, na tazama kiwele kama kimenyonywa pande zote nne. Ng'ombe huyu apewe chakula na maji ya kumtosha, kwa kuwa analea wa watu pamoja na wake.

Faida ya njia hii ni kwamba maziwa ni safi, yana joto lake, na hakuna ndoo ya kuosha. Hasara yake ni kwamba ng'ombe wako wa pekee hawezi kuwa mlezi na tena akajaza mtungi wa maziwa unaopelekwa kwenye chama. Kwa hiyo mwenye ng'ombe mmoja tu afuate njia ya pili.

NDOO NA CHUCHU YA MPIRA

Ndama akinyonya, njia ndogo ndani ya mwili wake hujifunga kama mfereji, na maziwa huenda moja kwa moja katika tumbo linaloyasaga. Ndiyo maana chuchu ya mpira, ikiwa katika chupa au chini ya ndoo iliyotundikwa kwa urefu wa kiwele cha mama yake, hufaa kuliko kumimina maziwa kinywani kwa nguvu. Ukitumia ndoo wazi, mfundishe kwa kidole chako, na usimharakishe.

Mambo manne yashikwe kila siku. Kwanza kipimo: ndama wa kilo 40 asipate chini ya lita 4 kwa siku, mbili asubuhi na mbili jioni, akipewa lita 5 au 6 kidogo kidogo hukua vizuri zaidi. Pili joto: maziwa yawe na joto la mwili, digrii 38 au 39. Tatu saa: wakati ule ule kila siku. Nne usafi: osha ndoo na chuchu kwa maji ya moto na sabuni mara tu baada ya kunyonya, kisha uvianike juani. Ukitumia maziwa ya unga, nunua yale ya ndama, uyachanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Kuongeza maji ili unga ukae siku nyingi ni kumdanganya ndama, naye hadanganyiki, hukonda.

Tangu juma la kwanza mwekee maji safi, na chakula cha ndama konzi moja moja. Mwachishe maziwa si kwa kalenda tu, bali akiweza kula karibu kilo moja ya chakula hicho kila siku kwa siku tatu mfululizo. Wengi hufika hapo baada ya majuma 8 hadi 12.

BARIDI, KUHARISHA NA KUPE

Mwezi wa Julai ukungu wa mlima huu hukaa siku nzima, na ndama mchanga hutumia maziwa yake kujipasha joto badala ya kukua. Banda liwe kavu, lenye majani mengi ya kulalia, lisilopigwa na upepo. Na siku za baridi kali mwongeze maziwa. Akiharisha, usimkatie maziwa, kama wengi wafanyavyo. Endelea kumpa, na katikati ya nyakati za maziwa mpe maji ya chumvi na glukosi kama utakavyoelekezwa, umwite Bwana Mifugo mapema. Kuhusu ndigana, ondoa kupe, na umwulize yeye habari za chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga.

HESABU YA MWISHO

Najua neno lililo mioyoni mwenu. Kila jioni mnunuzi wa maziwa yuko mlangoni, watoto wanangoja chai, karo haijalipwa, na ndama ni wa mwisho katika mstari. Haya, tuhesabu pamoja. Lita 4 kwa siku 70 ni lita 280. Tukisema lita moja ni shilingi 50, hizo ni shilingi 14,000. Ni fedha nyingi, sikatai. Lakini hakuna mahali po pote Nyeri ambapo utapata mtamba mwenye mimba kwa fedha hizo. Na anayemnyima ndama nusu ya maziwa haokoi shilingi 7,000. Hutupa shilingi 7,000 nyingine pamoja na bei ya ndama.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ndama hawezi kusema nasi. Hutegemea maneno tunayoambiana sisi kwa sisi. Basi leo jioni, ukimweleza jirani habari hizi, tafadhali usimwambie "kabla ya saa sita." Mwambie, "Mara akisimama."