Transista Mbili na Chipu Moja: Jinsi Redio Ndogo ya Morse Inavyofanya Kazi

Kibao cha saketi ninachokipitisha kwenu kinaenea kiganjani. Kina transista mbili, chipu moja ya sauti na fuwele moja. Vingine karibu vyote ni rezista, kapasita na koili. Wanaredio wa ridhaa wanakiita Pixie. Kimetokana na Micro-80, saketi ya Mrusi Oleg Borodin, na hiki chetu kinatuma na kupokea Morse kwenye bendi ya mita 40. Nguvu yake kwa kawaida haifiki wati moja.

Tuanze na fuwele. Transista ya kwanza, ikisaidiwa na kapasita mbili, huiongezea nguvu kidogo kila inapotetema, kama anayesukuma bembea ya mtoto isije ikasimama. Hii yetu inatetema kwa megahezi 7.023, na haipumziki, tuwe tunatuma au tunapokea. Lishikeni hilo, maana ujanja wote umeegemea hapo.

Transista ya pili ina kazi mbili. Ukibonyeza kibonyezo, emita yake inaunganishwa na ardhi, mkondo unapita kwa wingi, na mtetemo wa fuwele unakuzwa na kupelekwa kwenye antena. Njiani unakutana na chujio la koili na kapasita, kwa sababu transista ikifanya kazi namna hii huzalisha pia masafa mara mbili na mara tatu ya yale tunayoyataka. Anayelipuuza chujio ataudhi wengine hewani.

Ukiachia kibonyezo, emita inatengwa na ardhi. Transista haizimiki. Inabaki na mkondo mdogo tu, huku ikipokea mtetemo wa fuwele upande wa besi na mawimbi ya antena upande wa kolekta. Viwili hivyo vikichanganyika, hutoka tofauti yao. Mwenzetu akituma kwenye kilohezi 7,023.7 nasi tuko 7,023.0, tofauti ni hezi 700: mluzi ambao sikio linausikia bila shida. Ile chipu ya sauti, LM386, inaukuza, na nukta na mistari inafika masikioni.

Hapa huulizwa: je, wote wawili wakiwa kwenye masafa yale yale kabisa? Tofauti ni sifuri, na husikii kitu. Ndiyo maana kuna kirekebishi cha kuzungusha na dayodi inayotumika kama kapasita ndogo. Wakati wa kupokea huyasogeza masafa ya fuwele pembeni kidogo, mluzi ukapatikana.

Ubahili huu wa vipuri una gharama. Anayetuma kwenye 7,022.3 naye hutoa mluzi wa hezi 700, na kibao hakiwezi kumtenga na yule wa 7,023.7. Usiku vituo vikubwa vya matangazo, vilivyo juu ya megahezi 7.2, hupenya, ukasikia muziki chini ya Morse. Binafsi napenda kasoro hizi zisikike darasani. Ukimpa mwanafunzi redio iliyokamilika atajifunza kubonyeza vitufe tu. Hii inamlazimisha kuuliza kwa nini.

Na nusu wati isidharauliwe. Kituo cha wati 100 kina nguvu mara 200 yake, lakini kwenye kipimo cha S, kinachopima nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, kila hatua ni mara 4 ya nguvu, kwa hiyo pengo halifiki hata hatua 4. Anayesikika S9 kwa wati 100 atasikika karibu S5 kwa nusu wati, na Morse husomeka hata chini ya hapo. Cha kutafuta kwanza ni antena nzuri: waya wa mita 20.3, uliokatwa katikati na kupandishwa juu kadiri iwezekanavyo.

Kuirusha hewani kunahitaji leseni. Kwa Tanzania inatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mchana huu, basi, tutafunga rezista ya omu 50 badala ya antena, na redio ya kusikiliza itakaa upande wa pili wa chumba. Nani anaanza?