Unapomjibu Mlaji Mwenzako



Tuanze na swali ambalo wengi wetu tumelikuta katika vikundi vya simu: "Jamani, nimetuma pesa kwa namba niliyokosea. Nifanyeje?" Mara nyingi anayeuliza amekwisha kutafuta kwenye intaneti. Huko amekutana kwanza na matangazo ya kulipiwa, kisha kurasa ndefu zinazozunguka bila kufika kwenye jibu, na pengine namba ya "huduma kwa wateja" iliyowekwa na tapeli. Ndiyo maana amewaendea ninyi. Ana dakika chache kabla fedha zake hazijatolewa kwa wakala.

Jibu linalomfaa ni fupi. Apige 100 mara moja, namba ya huduma kwa wateja ya kampuni za simu hapa Tanzania, akiwa na kumbukumbu ya muamala mkononi, na asimtajie mtu yeyote namba yake ya siri. Neno la pole ni la utu, lakini lifuate maelekezo, lisiyatangulie. Anayesema "mimi nilirudishiwa" bila kutaja ilikuwa lini na kwa kampuni ipi hajamsaidia bado.

Tarehe na mahali ni vitu ambavyo wajibuji wengi huviacha. Chukueni bei ya petroli. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa kawaida Jumatano ya kwanza, na bei hiyo hutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Aliyeko Kigoma akipewa bei ya Dar es Salaam ya miezi mitatu iliyopita, atagombana na muuza mafuta asiye na kosa, au atakubali kupunjwa.

Tena jibu lenu haliishii kwa aliyeuliza. Mwezi Mei 2024, Google ilipoanza nchini Marekani kutanguliza majibu yanayoundwa na akili mnemba, jibu mojawapo lilishauri gundi itiwe kwenye mchuzi wa piza ili jibini lisiteleze. Chanzo chake kilikuwa mzaha ulioandikwa katika mtandao wa Reddit miaka 11 kabla. Aliyeandika alikuwa akichekesha wenzake. Mashine haikujua kucheka. Mzaha wenu kuhusu dawa au mtungi wa gesi waweza kumfikia mama asiyewajua, bila kicheko kilichouzunguka.

Kwa hiyo tunawaomba mtenganishe mliyoyaona kwa macho yenu na mliyoyasikia. Kama mnauza bidhaa mnayoisifu, semeni. Kama hamjui, mwacheni anayejua ajibu, kwa kuwa majibu 20 ya kubahatisha hulifunika lile moja la kweli. Na mkigundua mmekosea, andikeni sahihisho palepale chini ya jibu la kwanza. Sisi wenyewe tumewahi kujibu kwa haraka na kulazimika kusahihisha, na aibu yake ilipita siku hiyohiyo.

Lipo pia deni la aliyeuliza, nalo halizungumzwi sana. Ukishasaidiwa, rudi useme yaliyotokea: fedha zilirudi au hazikurudi, baada ya siku ngapi, na uliambiwa nini. Mwenye shida kama yako kesho ataanza kutafuta hapo.