Safari ya Kisorya na Mbwa Garini

Msikilizaji, unarudi nyumbani Kisorya kutoka Mwanza, na mbwa yumo garini? Kwanza hakikisha amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Chanjo hurudiwa kila mwaka. Beba na cheti chake.

Njiani, Magu, Lamadi hadi Bunda, simama umpe maji na kivuli. Kama unavuka kwenda Ukerewe, usimfungie garini juani ukingoja kivuko: joto laweza kumuua. Akishuka, awe na kamba, maana watoto watamsogelea.

Aking'ata mtu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha mkimbize aliyeng'atwa kituo cha afya. Usingoje dalili za kichaa cha mbwa; zikishatokea, kupona ni nadra mno. Kuhusu chanjo ya mbwa, muone ofisa mifugo wa kata yako.