Maporomoko ya Igamba na Wajibu wa Usinge



Nchi hii hujulikana kwa miombo, vumbi na kiangazi kirefu. Hata hivyo, msafiri apandaye treni hapa Usinge, akapita Nguruka na Malagarasi na kushuka Uvinza, huwa ameyakaribia maporomoko ya Igamba, ambayo wengi hawajapata kuyasikia. Yako kwenye Mto Malagarasi, kabla haujaingia Ziwa Tanganyika.

Maji ya Igamba hutegemea huku juu. Mvua za Novemba hadi Aprili hupokelewa na ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovosi, Ziwa Sagara likiwamo, iliyotambuliwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Ramsar nchini. Matete huyazuia maji hayo na kuyaachia polepole. Anayeyachoma, au kulima ukingoni, hupunguza maji ya kiangazi na kuuhatarisha mradi wa umeme wa megawati 49.5 uliopangwa Igamba. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hulinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Atakayezuru na aende wakati wa kiangazi, aongozwe na mwenyeji, wala asioge mtoni. Mwaka 1871 punda wa msafara wa Stanley alikamatwa na mamba akivushwa Malagarasi, na mamba wangalipo.

Akisimama mbele ya maporomoko hayo, akumbuke kuwa anatazama maji yaliyotunzwa, au kupotezwa, na majirani wa Sagara.