Steringi Aliyekufa: Kutoka Fort Apache hadi Lugalo

(Mazungumzo niliyoyatoa kwenye mkutano wa Watanzania wa eneo la DC, Silver Spring, Maryland)



Mwenyekiti aliniomba nizungumzie historia, mimi nimewaletea sinema. Naomba mnivumilie.

Sinema yenyewe ni Fort Apache ya John Ford, mwaka 1948. Wa rika langu mnaikumbuka, kama si hiyo basi ndugu zake: askari wa farasi wa Marekani, vumbi, tarumbeta, na sisi watoto tunapiga kelele "steringi hafi!" Kiingereza hatukujua. Tulijua tu nani steringi na nani adui, na adui siku zote ni yule mwenye manyoya kichwani.

Majira ya baridi yaliyopita niliitazama tena na mwanangu, mzaliwa wa hapa hapa. Katikati akaniuliza, "Baba, hawa Waapache wanataka nini?" Nikakosa jibu. Nimeiona mara nne, na sikuwahi kujiuliza.

Ikabidi nisikilize. Kumbe jibu limo humo humo! Cochise anaongea Kihispania, sajini anatafsiri: wakala wa serikali anawaharibu watu wake kwa pombe, aondolewe, amani irudi. Kanali Thursday (Henry Fonda) anamjibu kwa dharau, kisha anawaongoza askari wake hadi mtegoni. Wanateketea. John Wayne alikuwa amemwonya, tena alikuwa amempa Cochise ahadi yake. Na ni huyo huyo Wayne, mwishoni, anayewahakikishia waandishi wa habari kwamba kanali alikuwa shujaa. Wanamtajia picha maarufu iliyochorwa ya shambulio lile. Anasema ameiona Washington, na kwamba ni sahihi kabisa. Anajua fika kuwa si kweli.

Ford alikuwa akimfikiria Custer, aliyeangamia Little Bighorn mwaka 1876. Lakini watu wa Iringa mmeshaona ninakoelekea.

Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski aliingia Lugalo na safu yake ndefu, akiwadharau Wahehe. Jeshi la Mkwawa lilikuwa limejificha likimngoja. Alikufa yeye na zaidi ya watu 200, wengi wao askari Waafrika ambao hakuna sinema itakayowataja. Wajerumani walijenga mnara wa kuwakumbuka watu wao pale pale. Sisi tukaipa kambi ya jeshi jina la Lugalo, jambo jema, ila mwulizeni kijana wa Dar Lugalo ni nini, atawaambia ni hospitali.

Mkwawa alijiua mwaka 1898, kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliwapa Wajerumani miezi sita warudishe fuvu lake. Lilirudi 1954.

Sasa sikilizeni haya ya mji huu tunaoishi. Miaka ya 1860 madaktari wa jeshi la Marekani waliagizwa kukusanya mafuvu ya wenyeji wa nchi hii na kuyaleta Washington, kwenye makumbusho ya tiba ya jeshi. Mengine yaliokotwa walikopita askari wa farasi hao hao tuliowashangilia. Sheria ya kuitaka Smithsonian iyarudishe ilipitishwa 1989, na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyozaa jumba la makumbusho la wenyeji lililofunguliwa 2004 karibu na Bunge. Kiingilio ni bure, kwa hiyo sioni kisingizio cha kutowapeleka watoto.

Upande wetu, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa mauaji ya Majimaji. Mafuvu ya watu wetu yaliyoko Berlin bado yanajadiliwa.

Pendekezo langu ni dogo. Kila Agosti tunakutana bustanini kuchoma nyama. Mwaka huu tukutane Jumamosi iliyo karibu na tarehe 17, na mzee mmoja wa Iringa apewe nusu saa awaeleze watoto Wahehe walitaka nini. Nyama itakuwepo kama kawaida.

Naomba kuwasilisha.